Chupa ya soda ya kioo ilirudi dukani, ya plastiki inaishia mtaroni: tatizo ni ustaarabu au ni mfumo?

Wanajamvi, salaam.

Kila unapofunguliwa mjadala wa taka za plastiki humu, haupiti muda kabla mtu hajaandika kwamba tatizo letu ni ustaarabu, kwamba watu wetu wanahitaji elimu, na kwamba Kigali ni safi kwa sababu Wanyarwanda wana nidhamu. Sikubaliani na hoja hiyo. Sisemi elimu haina maana, ila haielezi jambo ambalo wengi wetu tumelishuhudia kwa macho: abiria yule yule anayerusha chupa ya maji kupitia dirisha la daladala, alipokuwa mtoto alitumwa dukani na chupa ya soda ya kioo mkononi, akaifikisha nzima. Hakuna semina iliyompa tabia ile ya kwanza, wala hakuna aliyemfundisha hii ya pili. Kilichobadilika ni chupa, na pamoja na chupa kikabadilika kila kilichokuwa kimeizunguka.

Naomba tuutazame kwanza mfumo wa chupa ya kioo kwa karibu, kwa sababu tumeuzoea kiasi cha kutouona. Muuzaji alikuuliza kama unakunywa pale pale au umekuja na chupa. Kama hukuja nayo, uliacha hela ya chupa, na hela hiyo ulirudishiwa siku uliporudi nayo. Muuzaji naye alikuwa na kreti lenye matundu 24, na tundu lililo wazi lilionekana bila hata kuhesabu; gari la usambazaji lilipofika halikumshushia kreti lililojaa pasipo kupakia la chupa tupu, na pengo lolote lilikuwa juu yake. Deni lilishuka hivyo kutoka kiwandani hadi kwa mtoto aliyetumwa, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kumbana aliye chini yake. Uhandisi na sayansi ya tabia vilikutana hapo bila mtu yeyote kuvitaja: chupa nene inayostahimili kuoshwa na kujazwa tena na tena, kreti linalojihesabu lenyewe, gari ambalo vinginevyo lingerudi kiwandani tupu, na binadamu asiyependa kupoteza hela yake.

Mfumo ule ulikuwa na tundu lake. Asiyekuwa na hela ya chupa, na hakutaka kusimama dukani hadi amalize, alimiminiwa soda kwenye kifuko cha nailoni, kikafungwa fundo na kuchomekwa mrija, naye akaondoka akinyonya njiani. Nalitaja hili makusudi, maana litajirudia kwenye mifuko: ukiziba mlango mmoja bila kutazama mingine, taka hupita pale ulipopaacha wazi.

Kisha ikaja soda ya tekawei, yaani ya chupa ya plastiki unayoondoka nayo. Faida zake tuzikubali, kwa kuwa ni za kweli. Ni nyepesi, haivunjiki, msafiri wa basi la Mwanza anaondoka nayo, na mama anayebeba mtoto mgongoni hahitaji kurudi dukani. Kiwanda nacho kikapumua: hakuna tena kusafirisha vioo vitupu, hakuna maji na magadi ya kuoshea, hakuna kukagua chupa zilizopasuka midomo. Isipokuwa gharama haikufutika, ilihama tu. Ilitoka kwenye vitabu vya kiwanda ikaenda kwenye mtaro, kwa mfagiaji wa manispaa, na kwa wakazi wa bonde la mto Msimbazi, Dar es Salaam, ambao maji hukwama kwenye kalavati lililozibwa kisha yakaingia ndani. Kwa mnywaji, chupa tupu iliyokuwa na thamani sekunde moja kabla ya funda la mwisho ikawa haina thamani yoyote sekunde moja baadaye.

Sayansi ya tabia ina maelezo mazuri kuhusu hela ile ya chupa. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba maumivu ya kupoteza kitu humgusa mtu kuliko furaha ya kupata kitu cha thamani ile ile. Mchumi Tatiana Homonoff alikuja kulipima jambo hilo madukani, katika eneo la Washington, D.C. nchini Marekani. Yako maduka yaliyokuwa yakimpa senti 5 mteja aliyekuja na mfuko wake. Sheria ikaja kumtoza senti 5 mteja anayechukua mfuko wa dukani. Kiasi ni kile kile, mfuko ni ule ule. Ile zawadi haikubadili karibu chochote, lakini tozo ilipunguza sehemu ya wateja wanaotumia mifuko ya dukani kwa zaidi ya pointi 40 za asilimia. Ayalandi iliweka tozo ya senti 15 za yuro mwezi Machi 2002, na matumizi yanayokadiriwa kuwa mifuko 328 kwa mtu kwa mwaka yakashuka hadi takribani 21. Hakuna aliyewaambia Waayalandi kwamba senti 15 zitawafilisi. Waliulizwa tu, mbele ya mashine ya malipo, kama wanautaka mfuko, na swali lenyewe lilitosha kuwakumbusha kwamba wanao nyumbani.

Hapa nataka kuweka hoja yangu kuu, ambayo ningependa ipingwe kwa takwimu na si kwa hasira: kila aina ya plastiki ina dawa yake, na dawa hiyo inaamuliwa kwa kiasi kikubwa na uzito wake, thamani yake na mahali inapoachwa. Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Ina uzito wa gramu kama 10 hadi 20, kwa hiyo kilo moja ni chupa kati ya 50 na 100. Muokota chupa mwenye kiroba begani anaweza kujaza kilo kadhaa kwa siku, kwa sababu chupa inaonekana kwa mbali, ni plastiki ya aina moja, na uchafu hauingii ndani yake sana. Sasa chukua mfuko mwembamba ule tuliouita Rambo. Ulikuwa na gramu chache tu, ukishalowa na kushika mchanga unapima uchafu kuliko plastiki, na mashine ya kusaga inaukunja badala ya kuukata. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeokota mamia ya vitu hivyo apate kilo moja. Ndiyo maana kwa mfuko njia sahihi ilikuwa kuupiga marufuku, na kwa chupa njia sahihi ni kuifanya iwe na bei mkononi mwa mnywaji. Anayetaka kupiga marufuku kila kitu, na anayetaka kurejeleza kila kitu, wote wawili wanatumia dawa moja kwa magonjwa mengi.

Marufuku ya mifuko, kwa maoni yangu, yamefanya kazi kuliko tunavyokiri. Zanzibar ilianza mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 kwa faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 za Kenya au kifungo, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, ambapo mtumiaji wa kawaida anayekutwa na mfuko anakabiliwa na faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000. Rambo ilitoweka sokoni ndani ya muda mfupi. Wengi husema ni hofu ya faini, na hofu ilikuwepo kweli, lakini tusisahau kilichotokea kimya kimya: mfuko uliokuwa bure ukaanza kuuzwa. Mteja wa genge aliyekuwa akifungiwa nyanya kwenye mfuko mmoja, vitunguu kwenye wa pili, kisha vyote vikatiwa kwenye wa tatu, akaanza kuulizwa kama anataka mfuko. Sheria iliyoandikwa kama marufuku ilifanya pia kazi ya tozo.

Lakini tundu likabaki wazi. Kanuni ziliruhusu vifungashio vya plastiki kwa ajili ya bidhaa zinazohitaji kufungwa, na vile vifuko vyeupe visivyo na mikono vikageuka kuwa ndivyo vya kubebea nyanya, karanga, mkaa wa kupima na hata chipsi. Mamlaka zikalazimika kurudi kutoa makatazo mapya. Hili si la kwetu peke yetu. Miji na kaunti za California, Marekani, zilipokataza mifuko ya dukani, utafiti wa mchumi Rebecca Taylor uligundua kwamba mauzo ya mifuko midogo ya kuwekea taka yalipanda, kwa sababu familia nyingi zilikuwa zikitumia mifuko ya bure kwenye ndoo za taka. Karibu theluthi moja ya uzito wa plastiki uliookolewa ulirudi kwa njia hiyo. Mtunga sheria anayeuangalia mfuko bila kuangalia kazi zote ambazo mfuko ulikuwa ukizifanya nyumbani atashangazwa kila mara.

Halafu kuna mifuko mbadala. Wengi wanadhani ni kitambaa. Ni polipropilini, yaani plastiki nyingine iliyotengenezwa ionekane kama kitambaa. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, linataka uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, na Kenya mwaka 2019 mamlaka yao ya mazingira ilitangaza kuipiga marufuku kabisa kwa kuwa ile hafifu iliyojaa sokoni ilikuwa ikichanika upesi na kutupwa. Mtu anaweza kuiona gramu 70 kama namba ya wahandisi tu, lakini mimi naiona kuwa kanuni ya tabia. Mfuko unaochanika safari ya kwanza hauwezi kumjengea mtu mazoea ya kuubeba, hata umhubirie vipi. Mfuko unaodumu mwaka mzima unajikuta umetundikwa nyuma ya mlango, na kinachotundikwa mlangoni ndicho kinachokumbukwa mtu anapotoka.

Sasa nirudi kwa Kigali, maana najua itatajwa. Mwaka 1990 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake huko Marekani walifanya majaribio kwa kuweka vipeperushi kwenye magari yaliyoegeshwa na kutazama madereva watavitupa wapi. Mahali palipokuwa pachafu watu walitupa chini zaidi. Mahali palipokuwa safi walitupa kidogo. Na walipomwona mtu akitupa taka mahali pasafi, walitupa kidogo kuliko wote, kwa sababu kitendo kile kiliwafanya waone usafi ndio desturi ya pale. Uchafu unatangaza ruhusa. Kwa hiyo Kigali haihitaji watu wa damu tofauti: ina wafagiaji wanaolipwa, ina umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, ina ukaguzi wa mifuko mipakani, na mgeni anayeshuka pale anakuta barabara inayomwambia kwa macho namna watu wa pale wanavyoishi. Mtanzania akifika Kigali hatupi chupa. Akirudi kwao anatupa. Ustaarabu haukubaki uwanja wa ndege.

Kuna jambo la historia linalonifanya niwe mkali kidogo kuhusu neno ustaarabu. Nchini Marekani, shirika lililoendesha kampeni kubwa kabisa za kuwaasa wananchi wasitupe taka, Keep America Beautiful, lilianzishwa mwaka 1953 likiungwa mkono na makampuni ya vifungashio na vinywaji, wakati ule ule makampuni hayo yakihama kutoka chupa za kurudishwa kwenda za kutupa. Sisemi kila anayehimiza usafi ametumwa. Nasema ni vizuri kujiuliza nani anapata nafuu pale lawama yote inapomwangukia mnywaji.

Uhandisi mdogo wakati mwingine unashinda mahubiri yote. Wale waliowahi kuona makopo ya zamani ya soda na bia watakumbuka kipete kilichong'olewa kikatupwa. Marekani katika miaka ya 1960 na 1970 fukwe zilijaa vipete vyenye makali. Mwaka 1975 Daniel Cudzik wa kampuni ya Reynolds Metals akabuni kile kinachobaki kwenye kopo baada ya kufunguliwa, ndicho tunachokitumia hadi leo. Hakuna mnywaji aliyeelimishwa. Umoja wa Ulaya umefanya vivyo hivyo kwa vizibo: tangu tarehe 3 Julai 2024 kizibo cha chupa ya plastiki ya kinywaji isiyozidi lita tatu lazima kibaki kimeshikamana na chupa. Watu walinung'unika kwamba kinawagusa pua wanapokunywa, kisha wakazoea.

Kwa sasa niishie hapa. Karibuni tujadili.

Mchangiaji kutoka Malindi:

Ndugu mleta uzi, nakubaliana nawe katika mengi, ila naona umeanzia mtaroni ukasahau mto. Sisi huku tunakaa kwenye mdomo wa mambo yote hayo. Maji ya mto Nairobi huingia Athi, Athi ikawa Galana, na Galana ikawa Sabaki inayomwaga baharini kaskazini ya mji wetu. Mvua kubwa ikinyesha bara, baada ya siku chache bahari hubadilika rangi ikawa ya udongo, na ufukweni tunapokea vizibo, kandambili, vipande vya majuala (mifuko ya plastiki) na chupa ambazo hakuna mtu wa hapa aliyezinunua. Unaweza kutuwekea hela ya chupa Malindi hadi mwisho wa dunia, lakini taka za Nairobi zitaendelea kushuka. Kwa nini usizungumzie mitego ya mtoni? Na kuhusu kandambili, hapa pwani tumeonyesha kwamba taka inaweza kuwa mali: fundi Ali Skanda na wenzake wa Lamu waliunda jahazi la Flipflopi kwa tani kama 10 za plastiki, likavikwa vipande vya kandambili, na mwaka 2019 likatweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar.

Mleta uzi:

Ahsante sana, ndugu yangu wa Malindi. Umenigusia mahali ambapo fizikia inaeleza unachokiona ufukweni. Plastiki ya chupa za maji na soda, PET, ni nzito kuliko maji: msongamano wake ni kama gramu 1.38 kwa sentimita ya ujazo, wakati vizibo vyake hutengenezwa kwa polithini au polipropilini, ambazo ni nyepesi kuliko maji. Chupa iliyofungwa kizibo huelea kwa sababu ya hewa iliyo ndani, lakini ikishafunguliwa na kujaa maji huzama, nacho kizibo kinaendelea na safari peke yake hadi kwenu. Kwa hiyo mnachookota ufukweni ni sehemu tu ya kilichotupwa. Sehemu nyingine imelala chini ya mto au imefukiwa kwenye tope. Tofauti hiyo hiyo ndiyo inayotumiwa viwandani: chupa husagwa pamoja na vizibo vyake zikawa chenga, chenga zikatiwa kwenye tangi la maji, na bila mkono wa mtu PET huzama na vizibo huelea. Ndiyo maana kizibo kinachobaki kwenye chupa hakimsumbui mrejelezaji hata kidogo, kinyume na lebo ya PVC, plastiki ya aina nyingine, inayozunguka chupa nzima. PVC ina uzito unaokaribiana na wa PET, inazama nayo, na ikiyeyushwa kwenye joto la PET hutoa tindikali inayoharibu mzigo wote. Rangi nayo ina athari, kwani chupa isiyo na rangi inaweza kuwa chupa tena, na ile ya kijani kibichi ina wanunuzi wachache. Kampuni inayotengeneza Sprite iliacha kijani Amerika ya Kaskazini mwaka 2022 kwa sababu hiyo. Maamuzi haya hufanywa ofisini na watu wachache sana, na kila moja linaamua kama muokota chupa wa dampo la Dandora, Nairobi, au la Pugu Kinyamwezi, Dar es Salaam, atalipwa au atakataliwa mzigo.

Mitego ya mtoni naikubali kwa masharti. Pale Baltimore, Marekani, tangu mwaka 2014 lipo gurudumu linaloendeshwa na mkondo wa mto na umeme wa jua, linalonyanyua taka zinazoongozwa na maboya na kuzitia kwenye kontena. Ni kazi nzuri ya uhandisi. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulikadiria kwamba mito zaidi ya 1,000 ndiyo inayopeleka asilimia 80 ya plastiki inayotoka mitoni kwenda baharini, na mingi kati yake ni mito midogo inayopita ndani ya miji, mfano wa Msimbazi. Tatizo ni kwamba mtego usiozolewa hugeuka bwawa. Chujio kwenye mtaro wa Dar es Salaam likikaa wiki mbili za masika bila kusafishwa litawafurikisha walio juu yake, nao watakuja usiku na nondo kuling'oa, na watakuwa na haki. Kabla ya kuuliza mtego ni wa chuma gani, tuulize nani atalipwa kuuzoa, kwa fungu gani, na nani atajua kama hajauzoa.

Kuhusu jahazi, nalipenda kama maonyesho ya ufundi na kama njia ya kuwafanya watu wasimame watazame. Vivyo hivyo na vitofali vya kutandaza vya Nzambi Matee wa Nairobi, aliyechanganya plastiki na mchanga, akakandamiza kwa joto, na mwaka 2020 akatambuliwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Ila tusijidanganye kuhusu hesabu: hadi mwaka 2015 dunia ilikuwa imetengeneza plastiki tani bilioni 8.3, na ni asilimia 9 tu ya taka zake iliyowahi kurejelezwa. Mfereji ukiwa wazi, kudeki sakafu hakuna mwisho. Naona faida zaidi kwenye mashine za maziwa zilizoenea miji ya Kenya, ambapo mteja anakuja na chombo chake na kununua maziwa ya shilingi 20 au 50 kadiri ya alichonacho. Makampuni yalitujazia vifuko vidogo kwa hoja kwamba maskini hununua kidogo kidogo. Ni kweli hununua kidogo kidogo, lakini mashine ile inampimia kidogo bila kumuuzia kifuko, mradi isafishwe kila siku inavyotakiwa.

Mchangiaji kutoka Mwanza:

Mkuu, mimi nina duka la rejareja na nimesoma uzi wako wote. Kwa heshima zote, unatupangia kazi sisi wenye maduka bila kutuuliza. Chupa ya kioo ilikuwa ya aina moja na kreti lake lilikuwa la aina moja. Leo nauza maji ya makampuni mengi, juisi na soda za ukubwa tofauti tofauti. Nikianza kupokea chupa tupu nitaziweka wapi, wakati duka lenyewe ni futi kumi kwa kumi? Na nani atanizuia kuletewa gunia zima lililookotwa dampo, chupa ambazo hazikuwahi kulipiwa hela yoyote, halafu mimi ndiye nirudishe hela kutoka mfukoni mwangu? Kisha waokota chupa watakula nini, kama kila mtu atarudisha ya kwake?

Mleta uzi:

Kaka yangu, maswali yako matatu ndiyo yaliyo mazito kuliko yote niliyoyaona humu, na naanza na la mwisho kwa kuwa jibu lake ni jepesi. Ujerumani inatoza senti 25 za yuro kwa chupa ya plastiki ya kutumika mara moja tangu mwaka 2003, na chupa karibu zote hurudi, lakini wanaozirudisha si lazima wawe walionunua. Anayeona uvivu anaiacha pembeni ya pipa, na mwingine anayehitaji hela anaichukua. Muokota chupa wetu leo analipwa bei ya kilo ambayo hupanda na kushuka pamoja na bei ya plastiki mpya, na hiyo inafuata mafuta ghafi. Tena China ilipofunga milango ya taka za plastiki kutoka nje mwanzoni mwa 2018, wakusanyaji katika nchi nyingi waliumia bila kujua sababu. Hela ya chupa ingempa bei ya chupa moja moja, isiyotikisika.

Kuhusu udanganyifu, una haki kabisa ya kuogopa. Nepali mwaka 2014 iliwatoza wapanda Everest amana ya dola 4,000 ambayo walirudishiwa kama kila mpandaji alishuka na kilo 8 za taka. Mwishoni mwa mwaka 2025 wakatangaza kuufuta utaratibu huo, kwa sababu wapandaji walikuwa wakishusha taka kutoka kambi za chini zilizo rahisi kufikika, na kuziacha za juu palepale. Amana ilipima kilo, haikupima mahali. Kwa chupa, kinachopimwa lazima kiwe alama iliyochapwa kwenye lebo inayothibitisha kwamba hela ililipwa, na chupa iliyorudishwa lazima itobolewe au ipondwe mbele ya macho ili isirudishwe mara ya pili. Hizo alama zipo Ujerumani, na uchapaji wake si teknolojia inayotushinda. Gunia la kwanza la dampo lisilo na alama litauzwa kwa kilo kama kawaida.

Nafasi ya duka ndiyo ngumu zaidi, na hapa sioni kwa nini uibebe wewe. Muuza rejareja alipwe kitu kidogo kwa kila chupa anayoipokea, na asiyetaka asilazimishwe. Kituo cha kupokelea kiwe kwa yule yule mwenye mizani ambaye tayari ananunua chupa kwa kilo mtaani. Hela ya kuendesha itoke kwa wazalishaji, na Norway wanayo njia ninayoipenda: mzalishaji anatozwa kodi ya mazingira kwa vifungashio vya vinywaji, na kodi hiyo inapungua kadiri chupa zinavyokusanywa, hadi ifutike kabisa zikikusanywa asilimia 95. Kampuni ikishaona kila chupa iliyopotea ni hela yake, haitasubiri kuhimizwa. Itakuja yenyewe kukujengea kizimba cha kuwekea viroba. Kenya wameshapitisha sheria ya usimamizi endelevu wa taka mwaka 2022 inayomwajibisha mzalishaji, kwa hiyo mlango wa kisheria uko wazi huko kuliko kwetu.

Nisingeanza na Dar es Salaam nzima wala Mwanza nzima. Ningeanza Unguja, kwa sababu karibu kila katoni ya maji ambayo haikujazwa kisiwani inashuka bandarini au inapita mahali pachache panapojulikana, hoteli kubwa zina hesabu za manunuzi, na boti za abiria zinarudi Dar kila siku zikiwa na nafasi ya marobota yaliyokandamizwa. Wale mlioko Malindi ya Unguja, Darajani na Mwanakwerekwe, mtusaidie: jumla ya maji na soda zinashushwa na wafanyabiashara wakubwa wangapi, na kilo ya chupa tupu inanunuliwa kwa bei gani huko mitaani kwa sasa?